Mnausingizia Mtandao

"Mtandao unasumbua." Niliambiwa hivyo ndani ya steshenari moja ya Kilakala, Morogoro, nikiwa nimekaa na mpwa wangu aliyemaliza kidato cha sita. Alikuwa anajaza maombi kwenye tovuti ya ofisi fulani. Ukurasa wa kwanza ulifunguka, wa pili ukazunguka weee. Alipofika wa nne, vyeti vyote ameshavipandisha, kioo kikamwambia kwa Kiingereza kwamba muda wake umekwisha, na kila alichoandika kikafutika. Akaanza upya na kulipa upya. Mara tatu.

Nakataa. Ukiwa Kilakala inua macho uitazame minara iliyosimama juu ya mlima Bondwa: mtandao upo. Kilichomtesa binti yule ni ukurasa mzito, uliopimwa na aliyeujenga kwenye kompyuta mpya, ofisini, penye waya wa kasi. Hesabu mwenyewe: ukurasa wa megabaiti 5 ni megabiti 40. Kwenye laini dhaifu inayopitisha kilobiti 100 kwa sekunde, mtu atausubiri sekunde 400, karibu dakika 7. Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993 kwamba ikipita sekunde 1 mtiririko wa mawazo ya mtumiaji unakatika, na zikipita 10 akili yake inahamia kwingine. Binti wa Kilakala hana pa kuhamia. Anasubiri, kwa sababu maisha yake yamo ndani ya fomu ile.

Ndiyo maana hasira yangu inawaendea ninyi mnaosoma uzamili wa uhandisi wa kompyuta, na walimu wanaowasimamia. Mnaandika tasnifu za violesura na utendaji wa mifumo, kisha mnawaita wanafunzi wenzenu ishirini, kwenye Wi-Fi ya chuo, wawaambie kama mfumo ni rahisi. Watasema nini? Huko ni kujipima kwa kioo cha nyumbani!

Waliojenga pesa za simu hawakuwa na anasa hiyo. Ujumbe wa USSD, ule wa kubonyeza nyota na reli, una nafasi ya herufi 182 tu, na Kiswahili chetu kina maneno marefu. Wakalazimika kuchagua neno, kupanga hatua, kukata kila kisicho na kazi. Leo mama anayeteremsha ndizi kutoka Kinole anabonyeza *150*00# kwenye kitochi, bila bando, anasoma Kiswahili, anatuma hela, anaendelea na safari. Hicho ni kiolesura. Kinastahili tasnifu kumi kabla ya hizo programu zenye picha zinazocheza.

Na lugha msiniambie haiwezekani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Leo, miaka zaidi ya 20 baadaye, mpwa wangu anafukuzwa kwenye fomu ya nchi yake kwa Kiingereza!

Maswali ya kuchunguza yamejaa tele. Laini ikikatika, alichoandika mtu kihifadhiweje ndani ya simu yake? Picha ya cheti ipunguzwe uzito vipi kabla haijapanda? Neno gani la Kiswahili linaeleweka mara moja kwa mzee wa Mgeta na kwa mwanafunzi wa Kilakala pia? Uwanja wa kupimia uko hapa hapa Morogoro, mjini penye chuo cha SUA, jirani na kile cha Mzumbe, mlima umesimama nyuma yetu ukiwakinga mawimbi walio ng'ambo yake bila kumwonea mtu haya.

Msimamizi, usitie saini tasnifu iliyopimwa chuoni peke yake. Mtahini naye asiishie ukumbini. Aje Kilakala saa 2 usiku, kila mtu akiwa amewasha bando, apewe simu ya bei ndogo yenye kioo kilichopasuka, aijaze fomu mpaka mwisho. Mpwa wangu aliimaliza ya kwake saa 10 alfajiri, kwa simu ya dada yangu, kwa bando la usiku.