Gari la rimoti: Tunza gia kwanza, mota baadaye

Mtoto akishalizoea gari lake la rimoti, ombi linalofuata huwa moja: "Baba, hili linaenda polepole. Tununue mota kubwa." Mzazi mwenye uwezo hununua. Siku chache baadaye mota mpya inanguruma lakini magurudumu hayazunguki, na ndani ya boksi la gia kuna vipande vya meno ya plastiki. Hela imekwenda, mtoto amenuna, na mzazi anaamini ameuziwa kitu feki.

Mara nyingi kifaa hakina kosa. Nguvu imeongezwa kabla ya kukagua njia inayoipitisha.

Nguvu inapita wapi

Mzazi anayelijua gari kubwa hatapata shida hapa. Kwenye mota kuna gia ndogo iitwayo pinioni. Pinioni inazungusha gia kubwa, gia kubwa inazungusha shafti, shafti inapeleka nguvu kwenye difu, na difu inaigawa kwa magurudumu kupitia vishafti vya pembeni.

Mfano ni TT-02 ya kampuni ya Tamiya ya Japani, gari la kuunganisha mwenyewe linalotumiwa sana na wanaoanza. Pinioni yake ya kawaida ina meno 22 na gia kubwa ina meno 70. Maana yake mota inazunguka zaidi ya mara 3 ili gia kubwa imalize mzunguko 1. Ukihesabu mpaka kwenye gurudumu, inafika zaidi ya mara 8.

Njia hii ni kama mnyororo: hukatika penye pete dhaifu. Ukiweka mota kali, meno ya plastiki yanaliwa. Ukiweka gia za chuma, mzigo unahamia kwenye vishafti. Ukiimarisha vishafti, difu ndiyo inayoumia. Ndiyo maana si busara kugeuza kila kitu kuwa chuma. Gia ya plastiki ya bei ndogo ikikatika, huenda imeokoa kifaa cha bei kubwa.

Usafi kabla ya duka

Adui wa kwanza wa gari hili ni mchanga. Chembe zikiingia kwenye gia zinasaga meno kama msasa. Baada ya kuchezea nje, mtoto afanye haya:

1. Azime gari na kuchomoa betri. Gari likishtuka huku kidole kiko kwenye gia, litamuumiza.

2. Apige mswaki wa zamani chini ya gari na kwenye magurudumu. Asimwagie maji. Maji hupeleka mchanga ndani na kuleta kutu kwenye beringi.

3. Aondoe nywele na nyuzi za zulia zilizojizungusha kwenye ekseli. Hizi hubana gurudumu na kuchosha mota bila mtu kujua.

4. Azungushe kila gurudumu kwa mkono na kusikiliza. Mlio laini ni salama. Mkwaruzo, au mahali panapokwama kila mzunguko, ni ishara ya jiwe au jino lililovunjika. Boksi la gia lifunguliwe kabla gari halijawashwa tena.

Grisi ipakwe kidogo tu, na iwe ile isiyodhuru plastiki. Gia zilizo wazi zisipakwe kabisa, kwa sababu grisi hushika vumbi na kugeuka tope la kusaga meno.

Skrubu zikifunguliwa, ziwekwe kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa kufunguliwa. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo, kazi ifanyike juu ya meza. Skrubu na beringi hizi ni ndogo, zinamezeka.

Ukitaka kuboresha, fuata mpangilio

Cha kwanza ni beringi. Magari mengi ya bei nafuu huja na bushi za plastiki, ambazo huleta msuguano na kulegea zikichakaa. Beringi za chuma hulifanya gari liserereke vizuri, mota isipate joto sana na chaji idumu zaidi. Pima kabla ya kununua. Kwenye TT-02, kwa mfano, hutumika beringi zenye tundu la milimita 5, upana wa nje wa milimita 11 na unene wa milimita 4.

Cha pili ni nafasi kati ya pinioni na gia kubwa. Kama mota inaweza kusogezwa, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia hizo, sukuma mota mpaka ikutane nayo, kaza skrubu, kisha zungusha gia karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo bila kuchanika, nafasi ni nzuri. Gia zikibanana sana, mota huchemka na kulia. Zikiachana sana, meno hugusana kwenye ncha na kukatika.

Cha tatu ni pinioni ya chuma cha pua au chuma kigumu, ikiwa ya awali imeanza kuwa na meno membamba. Skrubu yake ndogo ikae kwenye upande bapa wa shafti ya mota, la sivyo italegea.

Kasi inaweza kuongezwa hata bila mota mpya. Pinioni ya meno 24 badala ya 22 hulifanya gari likimbie zaidi, ila litaondoka kwa uzito zaidi na mota itapata joto zaidi. Baada ya dakika chache za kwanza, lisimamishwe na mzazi aikague mota. Ikiwa haishikiki kwa joto, rudisheni pinioni ya zamani.

Mota kubwa iwe ya mwisho, baada ya haya yote kuwa sawa.

Nafasi ya mzazi

Kishawishi ni kuchukua bisibisi na kumaliza kazi mwenyewe. Mtoto wa darasa la 5 au la 6 anaweza kusafisha, kusikiliza na kufunga skrubu akiwa na mtu mzima pembeni. Akikosea, gia moja itaharibika. Asipoguswa na kazi hiyo, atazoea kwamba kila kilichoharibika kinatibiwa na pochi ya baba au mama.

Kwa anayenunua gari kwa mara ya kwanza, swali la kumuuliza muuzaji ni hili: "Gia na vishafti vyake vinauzwa peke yake?" Jibu likiwa hapana, jino moja likivunjika hilo gari limekwisha. Gari la bei juu kidogo lenye spea linaweza kuwa nafuu kuliko matatu ya kutupa.

Na mtoto anapoomba mota wiki hii, aambiwe kwanza alete gari mezani, azungushe magurudumu manne, na aeleze amesikia nini.