Gorogoro nayo ipimwe sumu

Jioni moja mtaani Kaloleni, nilimwona mama mmoja akipimiwa mahindi gorogoro mbili kwenye kinu cha kusaga unga. Alichota machache kiganjani, akayanusa, kisha akauliza: "Haya hayana ile sumu?" Kijana wa kinu akacheka. "Mama, kwani sumu huonekana kwa macho?"

Kijana alisema kweli, na hapo ndipo penye hatari. Sumu ya aflatoksini hutokana na kuvu inayoota kwenye mahindi na njugu ambazo hazikukauka vizuri au zilizorundikwa mahali penye joto na unyevu. Haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Ukisonga ugali kutwa nzima, sumu ingali mle ndani.

Mwaka wa 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hii. Hao tuliwasikia kwa sababu walikufa kwa ghafla. Lakini anayekula kidogo kidogo kila siku huharibika ini polepole na huenda akapata saratani, hasa ikiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Huyo hatangazwi redioni.

Serikali haikukaa kimya. Sheria inaruhusu sehemu 10 tu za sumu hii katika kila sehemu bilioni moja ya mahindi. Mnamo Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku aina 5 za unga wa pakiti. Hilo lilikuwa jambo jema. Swali langu ni hili: na gorogoro je? Unga wa pakiti una jina la kampuni, kwa hivyo ukipatikana na kasoro kuna wa kuulizwa. Mahindi ya gorogoro hayana jina. Na wanaoyategemea zaidi ni wakazi wa mitaa kama Kaloleni na Makongeni, ambao hununua chakula cha leo kwa pesa za leo.

Tukizungumzia upungufu wa chakula, wengi huwaza magunia tu: je, yatatosha? Lakini kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 hakisemi chakula tele pekee. Kinasema pia chakula cha ubora unaokubalika. Tumbo lililojaa sumu halijashiba.

Watafiti wetu wamefanya kazi yao. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, pamoja na wenzake wa kimataifa, lilitayarisha Aflasafe KE01, yaani kuvu isiyo na sumu ambayo hunyunyizwa shambani kabla ya mahindi kukomaa ili kuipokonya ile kuvu mbaya nafasi. Dawa ipo, lakini utafiti usiomfikia mkulima mdogo ni sawa na chakula kilichofungiwa kabatini.

Wapo watakaosema kwamba kupima kutapandisha bei. Sikubaliani nao. Hakuna haja ya kupima kila mkebe. Maafisa wa afya wa kaunti wachukue sampuli pale lori linaposhusha magunia, kabla mahindi hayajasambaa kwenye vinu. Nao wakulima wasaidiwe kwa mashine za kukausha, ili mahindi yasije mjini yakiwa na unyevu. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na kitanda cha mgonjwa wa ini.

Wakati tukingojea, msomaji, usikae bure. Chambua mahindi kabla ya kusaga, utupe yaliyobadilika rangi, yaliyovunjika au yenye ukungu. Usimpe ng'ombe hayo mabovu, kwani sumu hupitia kwenye maziwa ikamrudia mtoto. Ukiweza, koboa kwanza kama wapishi wa muthokoi, maana sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda. Badilisha chakula pia: leo ugali, kesho viazi au ndizi. Na hakikisha mtoto wako amepata chanjo zote za kliniki, ikiwemo ya homa ya ini.

Yule mama aliuliza swali la maana. Alistahili kujibiwa na serikali yake, si kuchekwa na kijana wa kinu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.