Eti Muziki Unaandikwa Vyovyote

Katika vyumba vyetu vya habari kuna imani iliyokwisha ota mizizi: kwamba uandishi wa muziki hauna kanuni. Habari za siasa zina utaratibu wake, za biashara vilevile, hata matokeo ya mpira yana namna yake ya kuandikwa. Ikifika zamu ya muziki, eti hiyo ni burudani tu. Andika utakavyo, msomaji ataelewa.

Haelewi. Anapotoshwa, na mwanamuziki anadhulumiwa.

Chukua Msondo. Bendi hii ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, kwa jina la chama cha wafanyakazi kilichoimiliki. Chama kilipobadilika, bendi nayo ikabadili jina: ikawa JUWATA Jazz, ikaja OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Waandishi wengi huzikusanya enzi zote hizo chini ya jina moja, kisha humtaja Muhidin Gurumo kuwa "mwimbaji wa Msondo" hata wanapozungumzia nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo Gurumo alikuwa bendi ya Mlimani Park, yaani Sikinde, mahasimu wakubwa wa Msondo! Mwandishi wa michezo akimpanga mchezaji wa Simba kwenye kikosi cha Yanga, atachekwa mji mzima. Wa muziki haulizwi.

Majina nayo ni vurugu. Mwimbaji mmoja leo ni Bitchuka, kesho Bichuka. Klabu kongwe ya taarabu ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, utaikuta ni Ikhwani Safaa, Akhwani Safaa au Nadi Ikhwan Safaa. Huku wanaandika bongo fleva, kule Bongo Flava, pengine neno moja, pengine mawili. Watakwambia hayo ni mambo madogo. Yanaweza kuwa madogo kwa anayesoma leo na kutupa gazeti. Kwa anayechimbua kumbukumbu za miaka ishirini, akitafuta "fleva" habari za "flava" hazimjii, na msanii anakuwa na historia mbili nusu nusu.

Kibaya zaidi ni utunzi. "Malaika" huandikwa kuwa wimbo wa Miriam Makeba, wakati Fadhili William wa Kenya aliurekodi kabla yake, na Adam Salim naye alidai kuwa ndiye mtunzi. "Jambo Bwana" huitwa wimbo wa jadi, ilhali Them Mushrooms wa Mombasa waliutoa mwaka 1982, na mwaka uliofuata Boney M. wakatoa toleo lao. Ukishauita wimbo "wa jadi" umetangaza kuwa hauna mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakilipiwi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wapo wanaodai kuwa kanuni zitaua ladha ya mwandishi. Lakini mshairi Muyaka bin Haji alitunga ndani ya vina na mizani, na Mombasa nzima ilimsikia. Kilichoua ladha katika kurasa zetu si kanuni, ni uvivu: kila mwimbaji wa kike ni "malkia", kila mpiga gitaa ni "mkongwe", na hatuambiwi gitaa hilo lilikuwa la solo, la rithimu au la besi.

Mambo ya kukubaliana wala si mengi. Bendi itajwe kwa jina ililokuwa nalo siku wimbo uliporekodiwa, na jina la sasa lifuate kwenye mabano. Atajwe mtunzi, kisha mwimbaji, kisha bendi. Utunzi ukiwa na mgogoro, isemwe hivyo. Jina la wimbo liwe ndani ya alama za kunukuu, la albamu kwa herufi za mlazo. Jina la msanii liandikwe kama anavyoliandika mwenyewe. Vyeo vya sifa viachiwe washereheshaji wa harusi.

Wahariri wa burudani wa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Zanzibar hawahitaji bajeti wala tamko la waziri kwa hili. Wanahitaji kukaa mchana mmoja, waandike ukurasa mmoja, kisha waufuate. Hadi watakapofanya hivyo, kila mwanamuziki anayekuta kazi yake imepewa jina la mwingine ana haki ya kupiga simu gazetini na kudai masahihisho. Na apige.