Ukurasa wa Fundi: Joto la Kaskazi na Kabureta ya Pikipiki

Upepo wa kaskazi ukianza kuvuma, Dar es Salaam hupata joto kali. Joto hilo huanza Desemba na kuendelea mpaka Machi. Saa nane mchana hewa hufika nyuzi 32 hivi. Watu hutafuta kivuli. Pikipiki nazo huanza vituko. Huvuta kwa uzito, hukohoa, na hutoa moshi mwingi.

Katika mitaa ya pembeni, kama Mabwepande na Bunju katika Kinondoni, au Chamazi na Mbande katika Temeke, barabara nyingi za ndani ni za udongo na mchanga. Pikipiki ndiyo hupeleka mgonjwa zahanati. Ndiyo hubeba mboga kwenda sokoni. Ikiharibika, kazi husimama.

Siku hizi pikipiki nyingi za abiria ni za mipigo minne. Lakini za mipigo miwili bado zipo, kama Yamaha DT na baadhi ya Yamaha AG. Ndizo zinazochoma oili pamoja na petroli. Mwezi huu tutazungumza juu ya hizo tu. Ikiwa yako ni ya mipigo minne, fuata kitabu chake, kwa sababu skurubu zake hazifanyi kazi kwa namna hii.

Kwa nini joto huisumbua pikipiki?

Injini hula petroli na hewa. Kwa kila kilo 1 ya petroli, inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Kabureta ndiyo huchanganya vitu hivi viwili. Petroli hupita katika vitundu vidogo vya shaba. Vitundu hivyo huitwa jeti.

Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi. Jeti haijui jambo hilo. Inaendelea kutoa petroli ileile. Basi petroli inazidi, hewa inapungua. Petroli iliyozidi haiungui yote. Plagi huwa nyeusi na yenye majimaji. Nguvu hupungua.

Lakini tusikie hesabu hii vizuri. Hewa ya mchana wa Februari ni nyepesi kuliko hewa ya alfajiri ya Julai kwa sehemu 4 hivi katika 100. Hiyo ni tofauti ndogo. Kwa hiyo marekebisho nayo yawe madogo. Joto kidogo halihitaji kubadili kabureta nzima.

Jambo la kuogopa

Petroli ikizidi, unapata hasara ya mafuta na moshi. Petroli ikipungua, unapoteza injini.

Katika injini ya mipigo miwili, petroli hufanya kazi tatu. Inaungua, inapoza pistoni, na inabeba oili ya kulainisha. Ukipunguza petroli kupita kiasi, pistoni inapata moto na inakosa oili. Inatanuka na kukamata ndani ya silinda. Pengine hutoboka. Ikikamata wakati pikipiki iko mwendoni, gurudumu la nyuma hufunga ghafla. Dereva na abiria wake huanguka.

Tuchukue mfano. Kijana wa Mbande amekopa fedha katika kikundi. Amenunua Yamaha DT iliyokuwa ikitumika Mbeya. Ni mwezi Januari. Rafiki yake anamwambia, "Ndugu yangu, huku kuna joto. Punguza jeti." Kijana anapunguza. Pikipiki inakuwa nyepesi na kali kama nyuki. Anafurahi. Siku ya tatu, katika barabara ya Kilwa, anakwenda kwa kasi muda mrefu. Injini inakamata. Pikipiki imekufa, na deni la kikundi liko palepale.

Kosa liko wapi? Mbeya iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa yake, ingawa ni ya baridi, ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa sehemu 15 hivi katika 100. Pikipiki iliyotengenezwa kwa hewa ya Mbeya ina jeti ndogo. Ikishuka pwani inakuta hewa nzito. Hapo inahitaji jeti kubwa zaidi, hata kama kuna joto. Kijana alipunguza mahali pa kuongeza.

Basi kabla ya kugusa kabureta, uliza kwanza: pikipiki hii imetoka wapi, na ina jeti ya namba ngapi? Namba imeandikwa juu ya jeti. Namba kubwa maana yake petroli nyingi. Linganisha na kitabu cha pikipiki.

Tufanye nini?

Fuata hatua hizi kwa mpango. Usiruke hatua. Baada ya kila hatua, endesha pikipiki uone. Ikipona, simama hapo.

1. Safisha chujio la hewa. Kiangazi ni wakati wa joto na pia ni wakati wa vumbi. Chujio likijaa vumbi, hewa haipiti, na pikipiki hutoa moshi vilevile kama ya joto. Watu wengi hulaumu kabureta, kumbe kosa ni vumbi. Chujio la sponji lioshe kwa maji na sabuni. Likaushe kabisa. Lipake oili kidogo, likamue, kisha lirudishe. Usiendeshe bila chujio. Vumbi litakula ringi, na hewa itazidi.

2. Tazama oili. Kama unachanganya mwenyewe, tumia kipimo cha kitabu. Kwa mfano, kitabu kikisema sehemu 1 ya oili kwa sehemu 40 za petroli, lita 5 za petroli zinataka mililita 125 za oili. Tumia oili ya mipigo miwili. Usipunguze oili ili kuondoa moshi. Huko ni kuua injini.

3. Tazama plagi. Endesha kwanza mpaka injini ipate moto. Zima, ngoja ipoe kidogo, fungua plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye majimaji, petroli imezidi. Nyeupe, petroli imepungua. Ukiona nyeupe, usipunguze kitu chochote.

4. Rekebisha skurubu ya hewa. Katika pikipiki hizi skurubu hii huwa ubavuni mwa kabureta, upande wa chujio. Injini ikiwa na moto na ikinguruma bila gia, fungua skurubu robo ya mzunguko. Sikiliza. Mlio ukiwa laini na sawasawa, acha hapo. Andika umezungusha mara ngapi, ili uweze kurudi. Skurubu hii husaidia pikipiki inapoanza kuondoka tu.

5. Shusha sindano. Kama inakohoa katika mwendo wa kati, funga bomba la petroli, fungua kifuniko cha juu cha kabureta, utoe sindano. Juu yake kuna mifuo na kipini kidogo. Hamisha kipini mfuo mmoja kwenda juu. Sindano itashuka na petroli itapungua. Mfuo mmoja tu, si miwili.

6. Badili jeti kubwa. Hii ni hatua ya mwisho. Ifanye ikiwa pikipiki inakohoa katika kasi kubwa peke yake, na plagi bado ni nyeusi. Shuka namba moja tu. Jaribu, tazama plagi tena. Baridi ikirudi mwezi Juni, rudisha jeti ya zamani. Kwa hiyo usiitupe.

Tahadhari

Usichokonoe jeti kwa waya wala sindano ya kushonea. Shaba ni laini. Tundu likitanuka kidogo tu, namba iliyoandikwa inakuwa ya uongo. Safisha kwa petroli, kisha puliza kwa pampu.

Fanya kazi hii nje, mbali na jiko na sigara. Weka watoto mbali.

Ukiwa njiani ukasikia injini inalia kwa ukali, au inagonga kama misumari katika kopo, au nguvu inapotea ghafla, bana klachi mara moja. Punguza mwendo, toka barabarani, zima. Usilazimishe kufika.

Ndugu msomaji, pikipiki inayotoa moshi kidogo inakupigia kelele, lakini inakufikisha nyumbani. Pikipiki iliyonyimwa petroli inakimbia vizuri mpaka saa inapokufa. Rekebisha kidogo kidogo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini tunasafisha chujio kabla ya kugusa kabureta?
2. Plagi ikiwa nyeupe, ni jambo gani tusilifanye?
3. Ndugu yako analeta pikipiki ya mipigo miwili kutoka Mbeya. Utamshauri nini?
4. Lita 8 za petroli zinataka oili kiasi gani, kwa kipimo cha 1 kwa 40? (Jibu: mililita 200.)

Tukutane mwezi ujao katika ukurasa huu.