Namba 2520

Husimuliwa kuwa Sayyidna Ali (r.a.) aliulizwa namba igawikayo kwa 1 hadi 10 bila baki, akajibu: zidisha siku za wiki kwa 360. Ni 2520, wala hakuna ndogo kuliko hiyo yenye sifa hiyo.

Twaikumbuka kila binti wa huku Garsen aambiwapo kuwa urithi "haugawiki". Tuseme mzee amefariki, wazazi wake wametangulia. Baada ya deni na wasia zimesalia kilo 2520 za mpunga. Warithi ni mjane, wana watatu wa kiume na binti mmoja. Thumuni ya mjane ni 315. Zabaki 2205, mafungu saba: binti 315, kila kaka 630. Hata punje haibaki. Asemaye haugawiki na atuletee hesabu yake.