Neno Moja, Thamani Nyingi: Maoni Kuhusu Orodha katika Kanzidata za Kamusi

1.0 Utangulizi

Mijadala ya leksikografia ya Kiswahili aghalabu imehusu fasili, ngeli na usanifishaji. Namna data inavyohifadhiwa kabla ya kamusi kuchapwa imeachiwa mafundi wa kompyuta. Maoni yetu ni kwamba huo ni uamuzi wa kiisimu. Mwanaisimu akiukwepa, hasara huonekana wakati data imekwisha kukusanywa.

2.0 Tatizo

Chanzo cha tatizo ni sifa zenye thamani zaidi ya moja. Nomino ‘rafiki’ ina wingi wa namna mbili: ‘rafiki’ na ‘marafiki’. Kitenzi ‘piga’ huzaa ‘pigia’, ‘pigwa’ na ‘pigana’. Kamusi ya Kiswahili Sanifu (TUKI, 1981) huorodhesha minyambuliko ya aina hiyo chini ya kitenzi chenyewe. Vivyo hivyo, neno la mitaani lililosikika Tandale, Manzese na Mbagala lina mahali patatu pa matumizi.

Mkusanyaji huelekea kuandika yote katika kisanduku kimoja: ‘Tandale, Manzese, Mbagala’. Karatasini hakuna dosari, kwani msomaji hutambua mkato. Kwa kompyuta, huo ni mfuatano mmoja tu wa herufi. Faharasa ya kawaida hupanga mifuatano kuanzia herufi ya kwanza. Hivyo haimsaidii anayeitafuta Mbagala iliyo mwishoni. Upekuzi wa herufi nao hupotosha: anayetafuta ‘ua’ huletewa ‘nunua’ na ‘chukua’.

Mwaka 1970 Edgar Codd alipendekeza muundo wa majedwali yanayohusiana, ambamo kila kisanduku hubeba thamani moja isiyogawanyika. Kwa kanuni hiyo, kila mahali hupewa safumlalo yake katika jedwali la pili, nayo huunganishwa na kidahizo kwa namba. Baadaye mifumo kama PostgreSQL iliruhusu orodha ndani ya kisanduku, pamoja na faharasa pindu, yaani ile inayotaja kila kipengele na vidahizo vyenye kipengele hicho, mfano wa faharasa ya mwishoni mwa kitabu. Je, tufuate njia ipi?

3.0 Vigezo viwili

Kwanza, tuulize iwapo kila kipengele kina habari zake. Anayeandika ‘maua, nyua’ kuwa wingi wa ‘ua’ ameficha homonimu mbili: moja ya ngeli ya LI-YA, nyingine ya U-ZI. Wingi, basi, hauna budi kuandamana na ngeli yake. Mahali nako huhitaji tarehe. Mwaka 2015 Wilaya ya Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Manzese, iliyokuwa Kinondoni, sasa imo Ubungo. Rekodi isemayo ‘Kinondoni’ bila tarehe haituambii kama inaihusisha Manzese au la. Sifa za namna hii zinastahili jedwali lake.

Pili, tuulize iwapo mpangilio una maana. Katika kamusi, maana ya kwanza si sawa na ya nne. Lakini jedwali halihakikishi mpangilio wa safumlalo zake. Kwa hiyo maana zipewe safuwima ya namba. Tahajia mbadala, ambazo hazina mpangilio wala habari za ziada, zaweza kubaki orodha yenye faharasa pindu.

Huenda ikadaiwa kwamba majedwali mengi yatamchosha mwanafunzi aliyeko uwandani. Hoja hii inachanganya fomu na hifadhi. Fomu yaweza kumpa nafasi moja ya kuongeza thamani moja baada ya nyingine, huku programu ikizitenga ipasavyo.

4.0 Hitimisho

Fundi anajua namna ya kujenga jedwali. Hawezi kujua kwamba ‘maua’ na ‘nyua’ ni wingi wa maneno mawili tofauti. Tunapendekeza kila mradi wa kukusanya msamiati uandike, kabla ya siku ya kwanza ya uwandani, ni sifa zipi zina thamani nyingi, zipi zina mpangilio, na ni maswali gani yataulizwa. Tarehe isiyoandikwa siku neno liliposikika ni vigumu kuirejesha baadaye.