Prosesa nane, foleni nane

Unabonyeza kutuma pesa, skrini imeganda, unabonyeza tena. Lawama huangukia mtandao, lakini mara nyingine tatizo ni foleni ndani ya simu yenyewe.

Android imejengwa juu ya Linux, ambayo ndiyo inayoamua programu ipi ipewe prosesa, na kwa muda gani. Tangu 2007 kanuni ilikuwa: aliyehudumiwa kidogo zaidi ndiye anayefuata. Shida ni kwamba kila prosesa ina foleni yake, na simu nyingi zina prosesa nane. Ni kama mashine za kusaga: huku ndoo zimejipanga, kule mashine haina mteja. Mwaka 2016 watafiti walilikuta hilo kwenye kompyuta kubwa za Linux.

Toleo la 6.6, Oktoba 2023, lilileta kanuni mpya, EEVDF. Kila kazi hupangiwa ukomo wa kusubiri, hivyo yenye shughuli fupi, kama kuitikia kidole chako, inaweza kutangulia bila kula muda wa wenzake. Kwetu hiyo ndiyo haki hasa, ingawa kusawazisha foleni bado ni kazi ngumu.

Simu za bei nafuu kwa kawaida hubaki na Linux iliyotoka nayo kiwandani. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utafute toleo la keneli. Likiwa chini ya 6.6, bado uko kwenye kanuni ya zamani.